Mapenzi ya Kifalme Yasiyo na Mwisho: Riwaya za Kununua na za Kuacha Hapa Lubumbashi

La Mole yuko kifungoni, miguu imevunjwa kwa mateso. Rafiki yake Coconnas yuko naye. Malkia Margot amekwisha kumhonga mlinzi wa gereza, njia ya kutorokea iko wazi, na mimi nimekaa kitandani kwangu Kamalondo, simu nimeibana kati ya shavu na bega ili tochi yake imulike riwaya ya La Reine Margot, maana umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja ya jioni. Nikafunua ukurasa. Nikakuta jalada.

Nikarudi nyuma nikidhani nimefunua kurasa mbili kwa pamoja. Nikapapasa shuka. Nikainama chini ya kitanda. Hakuna kitu. Pale kwenye mgongo wa kitabu, ndani, palikuwa na mstari wa gundi nyeupe, mpya, laini kama iliyopakwa juzi. Mtu alijua. Mtu alikaa chini na chupa ya gundi, akalirudisha jalada la nyuma mahali pake bila kurasa zilizotakiwa kuwa ndani yake, akakikandamiza kitabu kwa kitu kizito mpaka kikakauka, kisha akaniuzia franka elfu kumi na mbili.

Kesho yake nikarudi kwa yule kijana, karibu na Posta, pale vitabu vinapotandazwa chini juu ya turubai. Nikamwonyesha. Akakipima kitabu mkononi kama mtu anayepima nyama bila mizani.

“Lakini mama,” akasema, “unashasoma karibu yote! Yenye kubakia ni kidogo tu.”

Kijana huyohuyo, wiki moja kabla, alinirudishia noti ya dola tano kwa sababu ilikuwa na mchaniko mdogo kuliko ukucha wangu. Kila mtu wa mji huu anaijua habari hiyo: dola yenye mchaniko au doa la wino hainunui kitu, utazunguka nayo mpaka kwa mbadili fedha naye ataipunguza. Noti inageuzwa, inainuliwa juani, inapapaswa pembe zote nne. Lakini riwaya iliyopoteza kifo cha mfalme wa Ufaransa inauzwa bei kamili, na ukilalamika wewe ndiye mgomvi.

Mimi ni fundi wa nguo. Kikwembe kisicho na pindo sikitoi dukani kwangu, hata mteja awe na haraka ya harusi. Kwa hiyo nimekasirika kama fundi, na hasira hiyo ndiyo imeniandikisha mwongozo huu. Sitawaambieni jalada gani ni zuri, wala herufi za wapi ni kubwa, wala mwanamfalme yupi ana mabega mapana. Hayo mtajionea wenyewe. Nitasema jambo moja ambalo hakuna anayeliangalia kabla ya kutoa pesa: mwisho.

Riwaya ya mapenzi ya watu wa kawaida ikikatika ukurasa wa mia mbili, unaweza kujimalizia mwenyewe. Watagombana, mama mkwe atalainika, watafunga ndoa. Ya wenye taji haikisiki. Binti anaweza kuvikwa taji, anaweza kukatwa kichwa, anaweza kuingia utawani, anaweza kuolewa na mfalme wa nchi ya pili ambaye hajawahi kumwona, na yote manne yakawa sawa kabisa na hadithi iliyotangulia. Ndiyo maana tunavisoma vitabu hivi. Ukininyima kurasa kumi na tano za mwisho umeninyima kile nilichonunua.

Na mwisho unapotea kwa njia zaidi ya moja. Kuna ule uliochanika. Kuna ule ulio katika kitabu kingine, kwa sababu ulichonunua ni cha tatu katika mfululizo wa kumi na tatu na jalada halikusema. Na kuna ule uliokatwa na wachapaji wenyewe, katika zile nakala nyembamba za shule zenye neno “extraits” au “texte abrégé” limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Yaya yangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa) aliyeko Likasi alipatwa na huo wa tatu, akabishana na mimi mwezi mzima juu ya tukio ambalo katika kitabu chake halikuwemo.

Basi, namna ya kuangalia. Kitabu cha Kifaransa kifungue nyuma, usikifungue mbele. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya hadithi kwisha, wachapaji wa Ufaransa wana desturi ya kuweka mistari midogo inayoanza “Achevé d'imprimer”, yenye jina la mtambo wa uchapaji, na mara nyingi “Dépôt légal” na mwezi na mwaka. Ukiikuta hiyo, moyo utulie kidogo. Halafu tafuta orodha ya sura. Wafaransa katika riwaya zao huiweka nyuma, wameiandika tu “Table”. Soma namba ya ukurasa wa sura ya mwisho, uende ukaione kwa macho yako. Kisha funua kurasa thelathini za mwisho moja moja, kwa kidole, mbele ya muuzaji, hata akikunja uso. Kitabu hutengenezwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa, kila mkunjo una kurasa 16 au 32, kwa hiyo gundi ikichoka mara nyingine haidondoki karatasi moja tu, linaondoka fungu zima. Joto letu la Oktoba linaikausha gundi, mvua ya Desemba inailegeza, na mafungu ya kwanza na ya mwisho ndiyo yanayotoka kwanza kwa sababu ndiyo yanayovutwa na jalada.

Vitabu vya Kiingereza vinavyopanda na magari kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vina orodha mbele na mara nyingi havina ile mistari ya mwisho. Hapo huna ujanja ila kulinganisha namba.

Ukimkuta muuzaji aliyekifunga kitabu cha mtumba ndani ya plastiki na hataki kukifungua, endelea na safari yako. Plastiki ya dukani inazuia vumbi. Ya barabarani inazuia macho.

Sasa niseme upendeleo wangu waziwazi, msije mkanisingizia baadaye. Mimi ni mtu wa Le Livre de Poche. Vile vitabu vidogo vya zamani, vya miaka ya hamsini na sitini, ambavyo kingo za kurasa zimepakwa rangi: manjano, nyekundu, kijani. Watu hudhani rangi ile ni urembo tu. Kwangu mimi ni shahidi. Kitabu kilichopitishwa kwenye kisu ili kufichwa ubovu wake kitaonekana: pande mbili zina rangi, wa tatu mweupe kama jino. Na kuna sababu nyingine, ya moyo. Kitabu chao namba 1, kilichotoka Februari 1953, ni Koenigsmark ya Pierre Benoit, nacho ni cha mapenzi ya kifalme: mwalimu kijana wa Kifaransa anakwenda kufundisha katika jumba la utawala mdogo wa Kijerumani, anampenda mtawala wa kike Aurore, ambaye yeye mwalimu hana ruhusa hata ya kumwota. Habari yote anaisimulia usiku mmoja mahandakini, katika vita ya 1914. Nyumba ya vitabu iliyochagua kuanza na malkia wa namna hiyo mimi siwezi kuisema vibaya. Nina nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kutoguswa. Wanaopenda Folio, vitabu vidogo vya nyumba nyingine, waendelee na Folio yao, karatasi ni nyeupe, sawa, nimesikia.

Sasa nivipange.

Juu kabisa naweka kilekile kilichonitesa, La Reine Margot cha Alexandre Dumas, cha 1845. Kinaanza na harusi ya Agosti 1572, Marguerite wa Valois anaolewa na Henri wa Navarre asiyempenda, yeye Mkatoliki, bwana Mprotestanti, na siku sita baadaye maharusi wanaamkia katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo, Paris imejaa damu ya wageni waliokuja kula karamu. Mapenzi ya kweli ya Margot ni kwa La Mole, kijana aliyekimbilia chumbani kwake akiwa majeruhi. Nilipoupata mwisho (nitasema nilivyoupata) nilielewa nilichoibiwa. Kuna mnyongaji aitwaye Caboche. Huko nyuma Coconnas aliwahi kumpa mkono, jambo ambalo hakuna mtu muungwana angelifanya, kumshika mkono mnyongaji. Wewe msomaji umekwisha kulisahau. Mwishoni, katika chumba cha mateso, mkono ule unalipwa. Na mfalme Charles mwenyewe, mnajua anavyokufa? Kwa kitabu. Kitabu cha uwindaji wa ndege ambacho kurasa zake zimegandamana, naye anakifunua huku akilamba kidole, kidole kwenye ulimi, kidole kwenye ukurasa, na sumu iko palepale. Haikuwa imekusudiwa yeye. Tangu nisome hapo, kulamba kidole nimeacha kabisa, hata dukani nikihesabu noti.

Onyo juu yake: ni kinene, na nakala za zamani huigawanya riwaya katika juzuu mbili. Angalia neno “Tome”. Kina wenzake wawili wanaokifuata, La Dame de Monsoreau na Les Quarante-Cinq, lakini Margot anasimama peke yake, huhitaji wengine ili ulale. Mkipata kizima kwa elfu kumi na tano msijadiliane sana.

Cha pili ni Le Prisonnier de Zenda cha Anthony Hope, cha 1894. Mwingereza mvivu, Rudolf Rassendyll, anafanana na mfalme wa Ruritania kama pacha. Mfalme analeweshwa dawa usiku wa kuamkia kutawazwa, na Mwingereza anavishwa taji badala yake, halafu anampenda Flavia, binti mfalme aliyechumbiwa na yule wa kweli, naye Flavia anashangaa mbona mchumba wake ghafla amekuwa mtu mzuri. Nchi ya Ruritania haipo duniani. Hope aliitunga, na tangu hapo waandishi wengine nusu ya dunia wakajitungia za kwao. Ni kitabu chembamba, kinaingia katika mkoba pamoja na sabuni. Nakala za Kiingereza zinatoka Zambia, si ghali. Lakini mwisho! Mwisho uko katika kurasa mbili tu za nyuma: mara moja kwa mwaka, kisanduku kidogo, ndani yake ua la waridi jekundu na karatasi yenye maneno matatu. Fungu la mwisho likidondoka, unabaki na hadithi ya panga na farasi tu. Binti wa jirani yangu alikisoma kisicho na waridi, akaniambia ni cha wavulana. Nikamwazima changu. Alikirudisha macho yamevimba.

La Princesse de Clèves, 1678, ya Madame de La Fayette, nakiweka cha tatu, na najua wengi mlilazimishwa kukisoma shuleni mkakichukia. Kisomeni tena mkiwa mmekwisha kuolewa. Jumba ni la mfalme Henri II, yule aliyeuawa na mkuki wa mashindano 1559, na tukio hilo limo. Mwanamke mwenye mume mwema anampenda mwanamume mwingine, hafanyi lolote, halafu anakwenda kumwambia mumewe mwenyewe: nisaidie. Mume anakufa kwa uchungu. Sasa yuko huru, yule bwana anamtaka, njia nyeupe. Na anachokifanya ni... hapana. Mtaangalia kama kurasa za mwisho zimo. Sarkozy, aliyekuwa rais wa Ufaransa, aliwahi kukidharau hadharani, kwamba ni ujinga kuwauliza watu habari zake katika mtihani wa kazi ya serikali, na Wafaransa wakatoka wakakisoma kwa sauti barabarani kwa kumkomoa. Hiki ndicho hasa chenye hatari ya “extraits”. Kizima kina kurasa karibu mia mbili. Ukiona chenye unene wa kalenda, kirudishe.

Doguicimi cha Paul Hazoumé kingekuwa cha kwanza kama kingepatikana. Kilitoka 1938, mwandishi ni mtu wa Dahomey, nchi ambayo leo inaitwa Benin, na mambo yanatokea katika jumba la mfalme Guézo. Doguicimi ni mke wa Toffa, mtu wa ukoo wa kifalme. Mume anakwenda vitani bila kutaka, anatekwa, na mrithi wa kiti anamtaka mke aliyebaki. Mwanamke huyu anamtukana mfalme usoni. Nimesoma malkia wengi wa Ulaya wanaolilia dirishani. Huyu halii dirishani. Mwisho wake ni wa kutisha, ni wa mapenzi kuliko vyote nilivyosoma, na sitausema hata mkinilipa. Ni kitabu kizito, kimejaa desturi na nyimbo na methali, sura nyingine unaivuka kama mto wenye matope. Nilikisoma cha kuazima, nikatakiwa kukirudisha. Kuna muuzaji mmoja wa mjini aliyenitajia dola arobaini kwa nakala iliyoliwa na mchwa pembeni. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, “Mama, hiyo ni ya Kiafrika, ni nadra.” Nikaduwaa. Kumbe cha kwetu kinapanda bei kwa sababu hakipatikani, na hakipatikani kwa sababu kinadhaniwa hakina wanunuzi, nasi wanunuzi tuko hapa tunapigwa dola arobaini.

Deux sœurs pour un roi cha Philippa Gregory ni cha wale wanaotaka usiku mmoja usiolala. Dada wawili wa ukoo wa Boleyn, mfalme Henry wa Nane, dada mmoja ndiye anayesimulia, wa pili anajulikana na dunia nzima alivyokwisha: upanga, Mei 1536. Hapa mwisho unaujua tangu mwanzo na bado unautaka. Ni kipya kuliko vingine, cha 2001, kwa hiyo gundi bado ina nguvu. Sina zaidi.

Kuna kimoja cha Kiswahili ambacho dereva wa lori alimletea mume wangu kutoka Dar es Salaam, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Mfalme Rai wa Ughaibu, liwali anayewapiga manyani wawili kila usiku huku akilia, na ndani ya mji ambao watu wamegeuka mawe kuna binti mfalme Mwelekevu. Mapenzi yamo kidogo, kama chumvi, lakini Kiswahili chake kinatufanya sisi wa Katanga tujikague midomo. Chembamba, na mwisho upo wote. Mkiwa na dereva mwagizeni.

Sasa tushuke.

Angélique, wa Anne na Serge Golon. Mama zetu waliusoma, wakauona na kwenye filamu, wengine wakawapa binti zao jina hilo. Mwanzo wa 1957 ni mtamu: msichana wa ukoo bora asiye na pesa anaolewa na Peyrac mwenye kovu na mguu mbovu, anamwogopa, anampenda, kisha mfalme Louis wa Kumi na Nne anamwonea wivu bwana huyo kwa utajiri wake, na mahakama inamwita mchawi. Lakini ni mfululizo wa vitabu kumi na tatu, mpaka 1985! Na barabarani kwetu utakuta cha tatu, cha saba, na cha saba tena. Sijawahi kuona mtu Lubumbashi mwenye vyote. Mwenye cha nne yuko Ruashi, mwenye cha tano amehamia Kolwezi. Ukinunua kimoja umejifunga mkataba wa maisha. Na wauzaji wanajua: cha kwanza wanakiuza elfu tano, cha pili ukikitafuta kwa jasho kinafika elfu ishirini.

La Sélection cha Kiera Cass, ambacho wasichana wa chuo kikuu wanakisoma, kina ugonjwa uleule kwa umri mdogo. Wasichana 35 wanashindania mwanamfalme Maxon, na kitabu cha kwanza kinapokwisha wamebaki sita. Sita! Mashindano hayajaisha, pesa zako zimeisha. Vinavyomaliza ni vitatu, vingine viwili ni vya binti yao. Nunua vitatu siku moja au usinunue.

Vitabu vya Barbara Cartland na vile vya kampuni ya Harlequin, elfu mbili, elfu tatu, viko kila turubai. Cartland aliandika zaidi ya mia saba, na binti yake alikuja kuwa mama wa kambo wa Diana, yule wa Wales, aliyekuwa akivisoma tangu usichana. Mwisho ni mmoja katika vyote. Hivi ndivyo pekee ninavyowaruhusu kununua bila kurasa za nyuma.

Na zile faili za simu mnazotumiana bure, nusu yake ni sampuli ya kurasa arobaini. Nimemaliza.

Ila kuna lingine limenikaa kooni. Kambo wangu, mama ya mama, alikuwa mtu wa Kapanga, upande wa Musumba, mji wa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Kabla sijajua kusoma nilikwisha kujua habari ya mzee mmoja, mtemi wa Walunda, aliyekuwa akisuka mkeka, na beseni la maji ya kulowekea likiwa kando yake. Wanawe wa kiume wakarudi wamelewa, wakaona maji yale yamekuwa meupe, wakadhani baba ameficha pombe ya mchikichi, wakampiga. Binti yake Lueji akamuuguza. Ndipo baba akaondoa lukano, bangili ya utawala, wana wakaikosa, akapewa binti. Kisha siku moja akatokea mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga, mwenye upinde mzuri na adabu nzuri kuliko upinde. Kambo alipofika hapo alikuwa akinyamaza, anasonga bukari, ugali wetu, kwanza, sisi watoto tukimsihi. Malkia akampenda. Ikafika siku bangili ikavuka kutoka mkono wake kwenda mkono wa mgeni, na kaka yake Chinguli akakataa kulikubali hilo, akakusanya watu wake akaenda zake magharibi, mpaka Angola.

Kuna taji, kuna mapenzi, kuna ndugu waliokasirika, kuna ufalme uliozaliwa kwa ndoa. Pepetela wa Angola aliuandikia riwaya, Lueji, 1989, kwa Kireno. Mimi Kireno sijui. Nimeuliza kila turubai kutoka Posta mpaka mtaa wa Kenya hapa mjini kama kuna kitabu cha Lueji, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, hata cha kurasa hamsini. Mmoja akanipa Cartland. Akasema, “Hii pia iko na malkia.”

Mwisho wa Margot niliupata kwa yaya yangu wa Likasi. Shuleni anakofundisha wana nakala kamili, haitolewi nje, kwa hiyo alikaa adhuhuri mbili akiipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kidole chake gumba kikionekana pembeni kwa kila moja. Nikaenda kuzichapisha kwa mwenye mashine, nikazikata kwa mkasi wa nguo, nikatoboa kwa sindano ya ngozi na kuzishona kwa uzi wa jinzi. Kitabu sasa kimenenepa nyuma kama mwanamke aliyefunga mtoto, na gundi ile nyeupe niliikwangua yote.

Yule kijana wa karibu na Posta tumepatana, maana vitabu vingine anavyo yeye tu. Ila siku hizi akiniona nakuja anawaambia wenzake, “Mama wa Mwisho anafika,” na kabla sijainama ananifungulia kitabu upande wa nyuma na kuning'inizia machoni. Jumamosi iliyopita alikuwa na Zenda ya Kifaransa, ya Livre de Poche, mgongo umepauka lakini umesimama.

“Angalia, mama! Mwisho iko yote, ata ua iko!”

Nikaangalia. Kweli, waridi lilikuwepo, na karatasi yenye maneno matatu, na mistari ya mchapaji chini yake. Nikageuza upande wa mbele. Kilianza ukurasa wa 33.

“Na mwanzo?”

“Ah, mama,” akasema, “mwanzo njo haiko. Lakini ile hukuulizaka.”

Akataka elfu sita. Nikampa tatu.